Jojo kama Dawa ya Wimbo Ulioganda Kichwani

Bidhaa ninayoitathmini hapa haikutengenezwa kwa kazi niliyoipa. Ni jojo, ile ile ambayo wengine huiita bigijii na jirani zetu wa Kenya huiita chingamu, nayo inauzwa katika duka la Mangi lililo chini ya ofisi yetu hapa Kinondoni, pamoja na viberiti, vocha na pipi za kifua. Niliinunua ili inisaidie kuuondoa wimbo ulioniganda kichwani, na kwa wiki tatu nimeitafuna kwa nia hiyo tu, nikiweka hesabu pembeni mwa karatasi zangu za kazi. Utamu, harufu ya kinywa na ukubwa wa puto nitavigusa pale tu vinapohusika na jambo lenyewe.

Kazi yangu ni kusoma prufu, yaani kusaka makosa katika maandishi kabla hayajachapishwa. Anayesoma prufu huyatamka maneno yote kimoyomoyo, moja baada ya jingine, kwa sababu jicho likiachwa peke yake huona kile ambacho mwandishi alikusudia badala ya kile alichokiandika. Jumatatu moja nilipanda daladala lililokuwa likipiga singeli, nikashuka kabla wimbo haujafika mwisho, na kipande cha kibwagizo kisichozidi sekunde kumi na tano kikapanda nami ngazi hadi ofisini. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimeusoma ukurasa mmoja mara nne, na hata mara hiyo ya nne niliiacha “kwa kwa” iliyorudiwa ikapita mbele ya macho yangu kana kwamba ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Hali hii si ugonjwa wala si dalili ya kurogwa, ingawa shangazi yangu anashikilia lake. Wajerumani huiita Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikio, na mtafiti Lassi Liikkanen, aliyewauliza maelfu ya watumiaji wa intaneti nchini Ufini na kuchapisha matokeo yake mwaka 2012, alikuta kwamba takriban watu tisa kati ya kila kumi hupatwa nayo angalau mara moja kwa wiki. Kelly Jakubowski wa Chuo Kikuu cha Durham na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, waliona kwamba nyimbo zinazoganda kwa kawaida zina mwendo wa kasi kuliko zisizoganda. Singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, haikuwa na sababu ya kuniachia.

Wazo la jojo nililipata kwa Philip Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Mwaka 2015 walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watu 98, ambao walisikilizishwa nyimbo zenye kunasa, wakaombwa wajitahidi kutozifikiria, kisha wakatakiwa kubonyeza kitufe kila wimbo unaporudi akilini. Waliokuwa wakitafuna walirudiwa na wimbo mara chache kuliko walipokaa bila kutafuna au walipokuwa wakigongagonga vidole mezani, na usikikaji wa wimbo huo kichwani ulipungua kwa takriban theluthi moja. Maelezo yao yanaeleweka hata kwa asiye mtaalamu: anayeimba kimoyomoyo huviandaa ulimi na taya kana kwamba anakwenda kutoa sauti, na viungo hivyo vikipewa shughuli nyingine, mwimbaji wa ndani hubaki bila chombo. Ndiyo maana vidole havikusaidia kama kutafuna.

Nilianza na bablishi, ile laini ya rangi ya waridi inayopulizwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wa Mangi. Kwa kazi hii haifai. Utamu wake huisha upesi, na kila baada ya dakika kadhaa mtu hujikuta ameacha kutafuna ili apulize puto. Katika ule mwanya ambapo mdomo umetulia na pumzi inatoka polepole, kibwagizo hurejea chote, tena safi. Nilikaa dakika tatu bila kutafuna, nikipiga mstari mmoja kila wimbo uliporudi, nikapata mistari kumi na mmoja; nilipokaa dakika tatu nyingine na bablishi nikapiga kumi. Mangi, aliyeniona narudi kwa mara ya tatu siku ile ile, aliuliza, “Dada, watoto wako wangapi?” Nikamwambia jojo ni ya kwangu mwenyewe, akacheka, akanipa chenji.

Vipande bapa vilivyofungwa katika karatasi ya fedha vilifanya vizuri zaidi, na bora kuliko vyote vya viwandani ni vile vidonge vya mnanaa visivyo na sukari vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Bei yake ni kubwa na mtu anaweza kusita kuvitafuna siku nzima, lakini vinabaki vigumu kwa muda mrefu, na ugumu ndio sifa ninayoitafuta. Mistari yangu ilishuka hadi sita au saba. Si kimya kamili, ila kwa mtu anayesoma prufu tofauti ya kumi na moja na saba ni tofauti ya kurasa.

Hata hivyo katika wiki ya pili niligundua kasoro ambayo sikuitegemea. Siku hiyo hesabu ilipanda badala ya kushuka, nami sikuelewa kwa nini hadi nilipoona kivuli cha kidevu changu kwenye kioo cha kompyuta iliyozimwa: taya lilikuwa linakwenda sawasawa na ngoma. Singeli ni ya kasi mno kufuatwa na meno, kwa hiyo taya lilikuwa likishika pigo moja na kuliacha la pili, kwa utiifu wa ajabu, na badala ya kumnyang'anya mwimbaji chombo nilikuwa nimempatia mpiga ngoma. Tangu hapo hutafuna kwa makusudi bila mpangilio, mara mbili upesi, kisha polepole, kisha nahamishia upande wa pili wa kinywa. Inachosha na inaonekana vibaya, lakini inafanya kazi. Kama watengenezaji wangekuwa wanauza jojo kwa ajili yetu, maelekezo hayo yangepaswa kuandikwa kwenye karatasi.

Kilichonishangaza zaidi hakikutoka kiwandani. Mwenzangu ofisini, ambaye ana ndugu Oman, alinieleza kwamba huko ubani ule ule tunaouweka kwenye chetezo hutafunwa pia, nami nikanunua kiasi kidogo Kariakoo nikichagua matone meupe yasiyo na vumbi. Kipande huvunjika vipande vipande chini ya meno na kuwa kama mchanga wenye uchungu wa utomvu, na katika dakika ya kwanza mtu hushawishika kuutema. Akivumilia, chembe hizo huanza kushikana zenyewe hadi kuwa donge jeupe lenye ukinzani kuliko jojo yoyote niliyowahi kuweka mdomoni. Haupulizwi, hauna sukari, na unadai uangalifu wa ulimi wakati wote ili usigande kwenye meno. Kwa ubani nilipata mistari minne, hesabu ndogo kuliko zote, ingawa nakubali kwamba uchungu wenyewe huenda ulichangia kuniondoa mawazo.

Upungufu mkubwa wa dawa hii, ya kiwandani na ya Kariakoo kwa pamoja, ni adabu. Huwezi kutafuna mbele ya mzee anayekusalimia, wala msibani, wala katika kikao ambacho mkubwa wako anazungumza, na hizo ndizo nyakati ambazo wimbo huchagua kurudi. Mwezi wa Ramadhani nao haitumiki mchana, kwa hiyo nimelazimika kuutafutia njia nyingine. Kujikataza tu hakufai. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha tangu mwaka 1987 kwamba mtu aliyeambiwa asimfikirie dubu mweupe humfikiria bado. Mafumbo ya kupanga herufi yanasaidia yakiwa ya kiasi, kwani Ira Hyman na wenzake nchini Marekani waliona kwamba kazi rahisi kupita kiasi na kazi ngumu kupita kiasi zote huuachia wimbo nafasi. Mimi nimejaribu pia kuutafuta wimbo wenyewe na kuusikiliza wote hadi mwisho. Siku ya kwanza ulitoweka kabisa. Siku ya pili ulirudi ukiwa na ubeti ambao awali sikuujua.

Vidonge vya mnanaa navipa alama tatu na nusu kati ya tano, vipande bapa tatu, na bablishi moja, ambayo ni ya rangi yake. Ubani ungestahili nne na nusu kama ungepatikana kwa Mangi. Nilipomwomba aulete alisema bidhaa hiyo huuzwa karibu na mkaa na udi, naye mkaa haweki tena tangu ulipomchafulia unga.