Uzoefu wangu: injini ya 5.3 ya skrepa ndani ya Mustang ya dragi

Kama unataka gari la mbio za dragi, yaani za njia fupi iliyonyooka, na unaishi kwa mshahara, nenda yadi ya skrepa ukatafute injini ya V8 ya lita 5.3, ile ya Chevrolet Silverado za 1999 hadi 2007 au Tahoe za 2000 hadi 2006. Nasema hivi baada ya kuifunga mwenyewe kwenye Ford Mustang ya 1989, gerejini kwangu hapa Texas, na kuikimbiza. Kwa pesa niliyotoa, sijaona injini nyingine inayoikaribia.

Jina lake kiwandani ni LM7. Bloku ni ya chuma, si alumini, na ilitoka na nguvu za farasi kati ya 270 na 295 kutegemea mwaka. GM, kampuni yenye Chevrolet, waliziweka kwenye pikapu na magari makubwa ya familia kwa wingi mno, ndiyo maana hukosi kuikuta yadini. Yangu niliilipia dola 400 na ushee, pamoja na waya zote na kompyuta yake. Hizo waya usiziache hata kidogo! Ukiondoka na injini tupu, mfumo mpya wa umeme utakugharimu kuliko injini yenyewe. Kabla ya kulipa chomoa dipstiki; oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, achana nayo. Zungusha kranki, shafti kuu ya injini, kwa spana uhakikishe haijakwama.

Kazi iliyobeba mradi wote ilikuwa ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni. Ukiiongezea injini hii tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda), joto linapanda kuliko lilivyokusudiwa, ringi ya juu inatanuka, ncha zake mbili zinagusana, haina tena pa kwenda, na ukingo wa pistoni unameguka. Wengi wanaolalamika kwamba 5.3 haiwezi tabo, injini zao zilifia hapo. Kwa hiyo nilifungua hedi juu na sampu ya oili chini, nikatoa pistoni zote nane. Ringi ya juu unaiingiza peke yake ndani ya silinda yake, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, halafu unapima pengo la ncha zake kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. La kiwandani halifiki nusu milimita. Unaitoa, unaibana kwa ulaini, unapitisha tupa ndogo kwenye ncha moja tu, ukisukuma kutoka nje kwenda ndani ili uso wa nje usibanduke. Unarudisha, unapima. Unatoa tena. Mimi niliishia kwenye milimita 0.65 hivi. Inachosha mgongo na macho, ila pesa inayotoka ni ya gasketi na bolti mpya za hedi tu, kwa sababu bolti za zamani zikishavutika hazirudiwi. Nilipokuwa ndani nikabadilisha na springi za valvu, nikaweka za LS6, injini ya Corvette Z06. Za lori ni dhaifu kwa kasi ya mbio.

Tabo ndiyo iliyonikera. Duka moja la mtandaoni liliniuzia ya bei rahisi, na kabla haijafanya kazi ya maana ikaanza kuvujisha oili kwenye eksozi. Kurudishiwa pesa ikawa hadithi ndefu. Ya pili nilinunua iliyotumika, kutoka kwa mtu niliyemwona nayo ikifanya kazi kwenye gari lake, na hiyo ndiyo iliyopo mpaka leo.

Kompyuta ya kiwandani niliibakiza, nikaipanga upya kwa programu ya HP Tuners na kubadilisha sensa ya mgandamizo, maana ya asili haisomi presha ya tabo. Hapo niliokoa zaidi ya dola elfu moja. Mafuta natumia E85, mchanganyiko wa petroli na ethanoli, yenye ethanoli kati ya asilimia 51 na 83 kutegemea msimu na eneo. Inapooza silinda vizuri, na kwenye baadhi ya vituo bei yake ni nafuu. Lakini injini inainywa kwa wingi, karibu theluthi moja zaidi ya petroli, kwa hiyo nozeli na pampu za asili hazitoshi. Hiyo gharama iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Gia boksi ni Turbo 400, ya gia tatu, haihitaji kompyuta yoyote. Difu ni ileile ya inchi 8.8 iliyokuja na Mustang za V8 kuanzia 1986. Sampu ya lori inaning'inia chini mno kwenye Mustang, tafuta ya Camaro. Na intaki ya injini hii, sehemu ya kuingizia hewa, ni ndefu kwenda juu, pima boneti mapema.

Pesa niliyookoa kwenye injini niliipeleka kwenye tairi na usalama, na hapo sikubishania bei. Tairi za nyuma ni Mickey Thompson ET Street. Futi 60 za kwanza, yaani mita 18 na kidogo, ndizo zinazoamua muda wako: ukipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde pale, mwisho wa njia unapata zaidi ya hiyo. Nguvu isiyoshika lami ni moshi tu.

NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, wana sheria zao na nazipenda. Kofia ngumu ni lazima kuanzia sekunde 13.99 kushuka chini kwa robo maili. Gari la zamani kama hili likifika 11.49 linahitaji vyuma vya kinga nyuma ya dereva, na 9.99 linahitaji kizimba kamili pamoja na leseni. Langu linakimbia robo maili, mita 402, kwa sekunde 10.7 pale Texas Motorplex, Ennis, kwa hiyo vyuma vilichomelewa na fundi wa kazi hiyo. Mimi naweza kuchomelea eksozi, lakini kitu cha kunilinda nikipinduka nampa anayejua.

Naipa injini nyota nne na nusu. Nusu nimekata kwa uzito wake.

Ndugu walio Dar wananiuliza kama waagize moja. Msiagize, usafiri utameza faida yote. Mwenye Toyota Mark II GX100 tayari ana bodi inayofanana na JZX100, Mark II nyingine, ambayo Toyota wenyewe waliifunga 1JZ-GTE, lita 2.5 yenye tabo na farasi 280 kutoka kiwandani. Tafuteni hiyo, na mkitaka kuiongezea presha, ringi zipimwe kabla ya hedi kufungwa.