Tanuri la moshi la umeme: nunua joto kwanza, moshi utafuata

Tanuri langu la kwanza la moshi lilikuwa na mlango wa kioo na skrini ya buluu iliyosomeka hata ukiwa mbali. Skrini ilisema 110. Saa kumi baadaye kidari cha ng'ombe kilikuwa bado kigumu kama soli ya kiatu, nikachukua kipimajoto cha oveni nikakitundika kwenye wavu wa kati. Kikasema 88. Siku nzima nilikuwa nikipika kwa joto ambalo mashine haikuwa nalo.

Tangu hapo, mtu akitaka ushauri wa tanuri la moshi la umeme simwulizi ana watu wangapi wa kulisha. Namwuliza kama hilo analolitaka litashika joto lilelile kwa saa kumi na mbili bila yeye kuligusa. Orodha iliyo hapa chini nimeipanga kwa swali hilo.

Chombo chenyewe si kigumu kukielewa. Ni sanduku. Chini kuna koili kama ya oveni, juu yake trei ndogo ya vibanzi vya mti, kisha bakuli la maji, kisha nyavu za nyama, na juu kabisa tundu la kutolea moshi. Mbavu, kuku na kidari hupikwa zaidi kati ya nyuzi 107 na 121 za Selsiasi. Kwenye mashine za Kimarekani utaziona zimeandikwa 225 na 250 za Farenhaiti. Makabati mengi ya nyumbani huishia nyuzi 135, na hilo ulijue mapema, kwa sababu ngozi ya kuku kwenye joto hilo hubaki kama mpira. Utaimalizia kwenye oveni au juu ya mkaa.

Sasa sikiliza jambo ambalo maboksi hayaliandiki. Koili moja inafanya kazi mbili: inapasha hewa na inafukiza vibanzi. Joto likifika ulipotaka, themostati inaikata; koili ikipoa, vibanzi navyo vinanyamaza. Kwa hiyo tanuri lenye kuta nene, linalotunza joto vizuri, linaweza kutoa moshi mchache kuliko sanduku la bati tupu ambalo koili yake haipumziki. Wapo wanaoona hivyo wakadhani mashine ni mbovu. Si mbovu. Moshi unaongezeka kirahisi: kuna mrija wa chuma wenye matundu, unaujaza peleti, yaani punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, unawasha ncha moja, unaulaza ndani, nao unafuka kwa saa kadhaa bila kuitegemea koili. Joto linaloyumba halina dawa nyepesi kama hiyo.

1. Kabati la kuta zenye pamba ya kuhami joto na kidhibiti cha PID

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa mtu anayetaka kununua mara moja na kutulia. Themostati ya kawaida inajua maneno mawili tu, washa na zima: inaacha joto lishuke chini ya ulipoweka, inawasha, linapita juu, inazima. Kuyumba kwa nyuzi kumi na zaidi kila upande ni jambo la kawaida. Kidhibiti cha PID kinatazama joto la sasa limekosea kwa kiasi gani, limekuwa likikosea kwa muda gani, na linaelekea wapi kwa kasi gani, kisha kinaipa koili umeme kidogo kidogo. Likishatulia, unaweza kukuta limebaki ndani ya nyuzi mbili tatu usiku kucha.

Kwa nini usiku kucha una maana? Kidari cha kilo tano kinaweza kuchukua saa 12 au zaidi. Kikifika nyuzi 65 hadi 75 kwa ndani, husimama. Nyama inatoa jasho, jasho linapoza nyama, na kwa saa mbili, tatu, hata nne kipimajoto hakisogei. Huo ndio wakati mashine dhaifu hujulikana. Ile imara inaendelea tu, mpaka ndani kufike kama nyuzi 95 na kipimajoto kizame kwenye nyama kama kinazama kwenye siagi.

Katika kundi hili tafuta mwili wa chuma kisichoshika kutu ndani na nje, na koili unayoweza kuifungua kwa skrubu. Ubaya wake ni uzito, na ule moshi mchache niliousema. Mrija wa peleti utalimaliza hilo la pili.

2. Kabati la dijitali la kawaida, lenye kupakia vibanzi pembeni

Hapa ndipo wanunuzi wengi huangukia, na hawakosei. Masterbuilt ya Marekani ndiyo imelifanya umbo hili lijulikane: kabati la inchi 30, koili ya wati 800, na mrija pembeni unaouvuta, unaumiminia vibanzi, unaurudisha na kuuzungusha. Mlango haufunguliwi. Utamu wake uko kwenye mrija huo, maana kila ukifungua mlango joto lote linatoka na koili inaanza upya.

Dijitali lisilo na njia ya kupakia kutoka nje silinunui, hata liwe na Bluetooth. Kabla ya kuchagua, soma maoni ya walionunua zamani. Anayesifu mashine aliyoitumia wiki mbili hakusaidii. Mtafute aliyefikisha misimu miwili au mitatu. Kwenye kundi hili matatizo mawili hujirudia: kidhibiti kinachokufa kwa unyevu, na viungo vya waya wa koili vinavyoungua.

Hili la pili nimeliona kwa macho yangu. Tanuri la ndugu yangu liliwaka skrini vizuri lakini halikupata joto. Tukaligeuza, tukafungua kibati cha nyuma chenye skrubu nne. Kile kishikio kidogo kinachobana mguu wa koili kilikuwa cheusi, kimelegea, na plastiki ya waya imeyeyuka kama nta ya mshumaa. Koili yenyewe ilikuwa nzima. Tukakata sehemu iliyoungua, tukabana kishikio kipya cha kustahimili joto kali, likapona. Ndiyo maana nauliza kwanza kama nyuma kuna kibati cha kufungulia. Mengine yamefungwa kwa ripiti, na fundi atalazimika kutoboa bati ili afike kwenye kazi ya dakika kumi.

3. Tanuri lenye kifukizo cha moshi kilichotengwa

Bradley ya Kanada ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Koili ya joto iko ndani ya kabati. Moshi unatoka kwenye kifukizo cha pembeni kinachosukuma kidonge cha unga wa mbao ulioshindiliwa, kimoja kila dakika 20, na kile kilichotumika kinadondokea majini. Moshi na joto vimeachana.

Kama kazi yako kubwa ni samaki au jibini, lipandishe hili hadi nafasi ya kwanza bila kusita. Ukikausha kwa moshi baridi hutaki ndani kuzidi nyuzi 30, na kabati la koili moja, bila ule mrija wa peleti, haliwezi kukupa moshi bila joto. Nimeliweka la tatu kwa sababu utafungwa na vidonge vyake. Vikikosekana pale unapoishi, una kabati tupu. Na moshi baridi haupiki: samaki wa namna hiyo lazima atiwe chumvi ipasavyo kabla, kwa kipimo kinachojulikana, si cha kukisia.

4. Tanuri la swichi ya kuzungusha

Halina skrini wala kompyuta ndani. Mengine yana namba za joto, mengine yana "chini, kati, juu" tu, na ya bati jembamba yana koili ya hadi wati 1500 inayohangaika upepo ukivuma. Lakini usilidharau. Lina vitu vichache vya kuharibika, fundi yeyote wa umeme atalielewa, na moshi wake ni mwingi kwa sababu koili inafanya kazi muda wote. Ukilifunga kidhibiti cha nje cha PID, ambacho tanuri huchomekwa kwake nacho huchomekwa ukutani, linapanda daraja papo hapo. Mbinu hiyo inafaa mashine ya swichi peke yake. Ya dijitali hurudi kwenye sifuri kila umeme ukikatwa na kurudi.

5. Jiko la peleti

Watu huliita la umeme kwa sababu linachomekwa, ila linapika kwa moto wa kuni. Umeme unazungusha parafujo ya kusukuma peleti, feni na kiwashio. Joe Traeger alipata hataza yake Marekani mwaka 1986. Linafika joto kubwa, linakausha ngozi ya kuku, linabanika. Ukitaka chombo kimoja cha kazi zote, lifikirie. Kwa mwongozo huu nimeliacha chini, kwani lina sehemu nyingi zinazozunguka, na peleti zikipata unyevu huvimba na kuziba parafujo.

Unapolishika kwa mkono dukani

Nenda na kipande cha karatasi. Kiweke kwenye ukingo wa mlango, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, moshi nao utatoka hapo. Rudia pembe zote nne, hasa upande wa bawaba. Tikisa komeo, liwe la kukaza, si sumaku. Vuta trei ya vibanzi na ya mafuta, uone kama zinatoka bila kulazimisha. Mlango wa kioo mimi siutaki tena: baada ya mapishi ya kwanza unakuwa mweusi, na kioo kinapoteza joto.

Soma volti. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye 240, koili haili nguvu mara mbili. Inakula mara nne: ile ya wati 800 inageuka wati 3,200, na inaungua kabla hujafunga mlango. Kinyume chake, ya 240 kwenye 120 inabaki na robo ya nguvu na haitapika kitu. Kama umeshaipenda mashine ya volti zisizo za kwenu, hesabu na transfoma inayobeba kwa saa nyingi mzigo mkubwa kuliko wati za koili.

Kuhusu matumizi: koili ya wati 800 ikiwaka nusu ya muda kwa saa 12, inakula kama uniti tano. Ekstensheni iwe ya waya mnene na uifungue yote. Waya uliobaki umeviringishwa kwenye gurudumu lake hupata moto.

Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni lazima, mashine iwe na chake au isiwe nacho. Kijaribu kwenye maji ya barafu, kisome sifuri, na kwenye maji yanayochemka, kisome 100, ukipunguza nyuzi moja kwa kila mita 300 unazoishi juu ya usawa wa bahari. Kuku atolewe akiwa amefika nyuzi 74 ndani. Umeme ukikatika, usikubali nyama ambayo haijaiva ikae kati ya nyuzi 4 na 60 kwa zaidi ya saa mbili.

Vibanzi viwe vya mti mgumu usio na rangi wala dawa: mwaloni, mtofaa, hikori, mcheri. Misonobari ina utomvu, uiache. Usiviloweke, maji yanachelewesha moshi tu. Tia konzi moja ndogo kwa mara, na tundu la juu libaki wazi, kwa sababu moshi mzito mweupe uliofungiwa ndani ndio unaoacha uchungu ulimini. Unautaka ule mwembamba wa kibuluu ambao karibu hauonekani. Na ukikata nyama usikute lile duara la waridi chini ya ukoko, usiilaumu mashine. Duara hilo huletwa na gesi za moto wa kuni au mkaa, na koili haizitoi kwa wingi huo. Ladha haimo kwenye duara.

Liweke nje, hata mvua ikinyesha. Afadhali ulijengee kipaa. Vibanzi vinavyofuka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gereji yenye mlango wazi haitoshi.

Likifika nyumbani, usianze na nyama. Paka nyavu mafuta kidogo, liwashe tupu kwa joto la juu kabisa kwa saa tatu, na dakika 45 za mwisho utie vibanzi, ili harufu ya kiwandani iungue na kuta zipate ngozi ya moshi. Katika saa hizo tatu tundika vipimajoto viwili, kushoto na kulia, kisha wavu wa juu na wa chini, uandike namba kila robo saa pembeni ya ile ya skrini. Tofauti ya nyuzi tano au sita unaizoea. Ikizidi kumi na tano, lipoze, lifute, lirudishe kwenye boksi lake siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mfukoni.