Kipima mionzi cha nyumbani: kipi ununue, kipi ukiache hukohuko dukani

Mwaka jana walisimamisha mnara wa simu kiwanja cha tatu kutoka kwangu, na toka siku ile amani ikaisha. Mama mkwe kichwa kikimuuma ni mnara, mtoto akichelewa kulala ni mnara, kuku akiacha kutaga ni mnara, mpaka nikasema basi, nanunua kile kimashine cha kupimia tumalize ubishi. Nikaingia mtandaoni nikachagua cha bei chee, kikafika, nikakiwasha, aisee kikapiga kelele nyumba nzima. Kwenye friji kelele, kwenye waya wa feni kelele, kwenye chaja ya simu ambayo hata simu haijachomekwa kelele na taa nyekundu juu. Nikaenda kwenye dirisha linaloangalia mnara, kimya kabisa kama kimezimwa.

Hapo ndo nikajua nimepigwa, au tuseme nimejipiga mwenyewe, maana nilinunua kitu bila kujua kinapima nini. Baadaye nikaazima kingine, nikanunua kingine, na ndugu zangu wawili watatu wakaleta vya kwao nikavijaribu, so haya nayoandika ni ya kuokoa hela yako.

Kwanza tuelewane, maana hapa ndo watu wengi wanaingia chaka. Neno mionzi tunalitumia kwa kila kitu, ila hivi vimashine havihusiani na mionzi ya eksirei wala urani. Vinapima vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayotanda hewani, unaotokana na umeme ukiwa unatembea kwenye waya, unasomwa kwa maikrotesla au miligausi (maikrotesla 1 ni miligausi 10, usichanganye, nimeona mtu kakosa usingizi kwa kusoma 4 akidhani ni maikrotesla kumbe ni miligausi). Cha pili ni uga wa umeme wenyewe, huu upo hata kama hamna kitu kinachotumia umeme, ilimradi waya una moto, na unasomwa kwa volti kwa mita. Cha tatu ndo mawimbi ya redio, simu, waifai, mnara, hiyo inasomwa kwa milliwati au maikrowati kwa mita ya mraba. Kimashine kizuri kwa kimoja kinaweza kuwa takataka kwa kingine. Kwahiyo swali la kwanza kabla hujatoa hela: unaogopa nini? Mnara? Waya za umeme zinazopita juu ya bati? Au laptop inayokung'ata vidole ukiishika?

Kama ni hiyo laptop, acha kusoma, usinunue kipima mionzi, ita fundi aangalie erthi. Nyumba nyingi za kwetu erthi ni ya jina tu, adapta ya laptop inavujisha umeme kidogo na hauna pa kwenda zaidi ya kwenye kidole chako. Testa ya elfu chache na fundi mwenye akili vitakusaidia kuliko kimashine cha laki.

Haya tuje kwenye orodha yangu.

Namba moja kwa mtu wa kawaida ni Trifield TF2. Inatengenezwa na AlphaLab wa Utah, Marekani, na inapima vyote vitatu, unazungusha kitufe tu. Kilichonifanya niiweke juu ni kwamba upande wa sumaku inasoma mihimili mitatu kwa mpigo, yaani hata ukiishika kichwa chini miguu juu namba ni ileile. Hiki kitu kinaonekana kidogo mpaka utumie ambayo haina. Upande wa redio inaanzia megahezi 20 mpaka gigahezi 6, so waifai ya gigahezi 5 inaiona, na kwenye kioo inakuonyesha kilele cha mawimbi, sio wastani tu. Muhimu sana hiyo, kwa sababu waifai haitoi mawimbi mfululizo kama bomba, inatoa kwa vipande vipande, na mashine inayokupa wastani itakwambia hamna kitu.

Mapungufu inayo. Sumaku inaishia miligausi 100, kwahiyo ukiiweka juu ya dryer ya nywele inafika mwisho. Redio inaishia milliwati 20 hivi kwa mita ya mraba, ukisogea karibu na rauta au simu inayopiga, imejaa. Redio na umeme inasoma mwelekeo mmoja tu, lazima uizungushe mkononi taratibu. Na bei, wakuu, bei imesimama, zaidi ya dola 150 kulekule Marekani, piga usafiri na ushuru uone inafika ngapi. Mi niliiazima mwezi mzima kwa jamaa mmoja kabla sijanunua, na nakushauri hivyohivyo, changishaneni hata majirani wanne, maana ukishapima nyumba yako wiki mbili inaenda kabatini.

Namba mbili ni GQ EMF-390. Hii ni ya wale wanaopenda grafu. Inahifadhi kumbukumbu, unaiacha kando ya kitanda usiku kucha asubuhi unaona saa ngapi namba zilipanda, inachaji kwa yuesibii, na kwa kawaida bei yake iko chini ya Trifield. Sumaku nayo ni mihimili mitatu. Kwa nini sio ya kwanza? Menyu zake zinachosha, skrini ina namba nyingi kuliko kichwa, mama mkwe akiangalia anaona ndege ya kivita. Halafu tahadhari moja: kampuni hiyohiyo inauza GMC-320, GMC-500 na nduguze, kwa sura wanafanana kabisa, ila hizo ni za kupima mionzi ya nyuklia. Ukiletewa GMC ukaiweka kwenye rauta itakaa inatik tik tik kivyake wala haina habari na waifai yako. Soma herufi kabla hujalipa.

Namba tatu, Tenmars TM-192D ya Taiwan, ila hii ni kwa yule ambaye shida yake ni nyaya za umeme tu, transfoma, laini kubwa, chumba chenye meinswichi. Sumaku peke yake, mihimili mitatu, hezi 30 mpaka 2000, na umeme wetu ni hezi 50 kwahiyo uko katikati hapo. Redio haisomi kabisa na haidanganyi kwamba inasoma, heshima kwao. Fundi umeme au injinia anunue hii.

Namba nne ndo kile changu cha kwanza, familia ya GM3120, utakiona kwa majina kumi tofauti na rangi tofauti lakini tumbo moja. Kwenye maelezo wanaandika kinapima mpaka megahezi 3500. Usiamini. Kwenye mawimbi ya simu na waifai ni kipofu, nilipiga simu nikaishika pembeni yake kikakaa kimya. Na hata kingekuwa kinasema kweli, megahezi 3500 ni gigahezi 3.5 tu, haifiki kwenye waifai ya gigahezi 5. Sababu ya ile kelele ya nyumba nzima nayo ni rahisi: kengele inalia ikivuka volti 40 kwa mita au maikrotesla 0.4, na ukuta wowote wenye waya usio na erthi nzuri unavuka hiyo 40 bila jasho. Wakati kikomo cha ICNIRP, ile tume ya kimataifa ya wataalamu wa mionzi hii, kwa raia wa kawaida kwenye umeme wa hezi 50 ni volti 5000 kwa mita na maikrotesla 200. Kwahiyo kelele haimaanishi hatari, inamaanisha kiwanda kiliamua iwe inapiga kelele.

Sasa mbona nimekiweka kwenye orodha? Kwa sababu upande wa sumaku kinafanya kazi ukikijua, na ni cha bei ya kuku wawili watatu. Kinasoma upande mmoja kwa wakati, so unakishika hivi, unakigeuza ubavu, unakisimamisha, unapata namba tatu. Zipige kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Mfano hai, kwenye mto wangu mimi wa kulalia, saa mbili usiku, nilipata maikrotesla 0.3 na 0.4 na 1.2. Jibu ni 1.3. Kwenye mto! Nikajiuliza inatoka wapi, nikazunguka nje, kumbe nyuma ya ukuta uleule ndo imekaa mita ya LUKU na meinswichi, na saa mbili usiku ndo watu wanapiga pasi, friji inavuta, pampu ya maji inavuta. Sumaku inafuata umeme unaotembea, matumizi yakipanda nayo inapanda, mchana nilikuwa napata 0.2 palepale. Nikavuta kitanda mita moja na kidogo, ikashuka hadi 0.07. Kazi ya dakika tano.

Je hiyo 1.3 ingeniua? Hapana, iko chini mno ya 200. Ila mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka uga huu wa sumaku kwenye kundi la 2B, yaani huenda unasababisha saratani, kwa sababu tafiti za watoto wanaoishi penye wastani wa zaidi ya 0.3 au 0.4 zilionyesha leukemia, saratani ya damu, imezidi kidogo, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba sumaku ndo chanzo. Mawimbi ya redio nayo yakaingia kundi hilohilo 2011. Mi sijakimbia nyumba kwa ajili ya huenda, lakini kitanda cha mtoto kusogeza mita moja ni bure, kwa nini nisisogeze.

Namba tano, kwa mtu ambaye shida yake ni mnara na waifai tu na ana hela ya kuchezea: Safe and Sound Pro II. Redio peke yake, megahezi 200 mpaka gigahezi 8, inashika kilele vizuri na ina sauti, ukizoea unatambua kwa masikio hii waifai, hii simu. Kama hukumu ingekuwa ya ubora tu ingekuwa juu, ila bei yake ni zaidi ya mara mbili ya ile Trifield, kwa kupima kitu kimoja, hapana.

Ambavyo sinunui hata nikipewa na chenji: K2 yenye taa tano za rangi, ile wawinda mizimu wanatembea nayo kwenye video. Haina namba, unaona taa tu, utamwambia nini fundi, kwamba imewaka ya njano? Na programu za simu za bure zinazosema zinapima mionzi. Simu ina dira, inasoma sumaku ya dunia, na ukanda wetu huu utaona maikrotesla 30 na kitu popote utakaposimama hata porini Ruaha. Watu wanapiga picha hiyo 33 wanatuma kwenye magrupu, jamani nyumba yangu imeharibika. Hiyo ni dunia, haihami.

Halafu zile cheni na stika za kuzuia 5G. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilipima bidhaa kumi za hivyo, cheni, bangili, hadi kitambaa cha macho cha kulalia, ikakuta zenyewe ndo zinatoa mionzi, ile yenyewe ya nyuklia. Mtu kavaa shingoni kujikinga.

Ukishakinunua, usianze kukimbiza kila kona. Zima meinswichi kwanza, pima nyumba ikiwa kimya, andika. Ukikuta sumaku iko juu na kwako kumezimwa basi inatoka nje, laini au jirani. Washa kimoja kimoja. Na pima pale mwili unapokaa muda mrefu, kitandani, kwenye kochi, sio kugusisha kwenye mgongo wa maikrowevu halafu unashtuka, maikrowevu ikigusishwa inaweza kutoa maikrotesla 100 na zaidi na ukirudi hatua mbili imeisha. Uga wa umeme usiuamini sana kwa mashine ya mkononi, mwili wako wenyewe unauvuruga. Na weka betri nzuri, betri ya mia tano inakupa namba za mia tano.

Kama hofu yako ni mnara na unataka karatasi yenye muhuri, kimashine chako hakina nguvu yoyote ofisini. Tanzania wenye kazi hiyo ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, wao hupima mionzi ya minara kwa vifaa vilivyohakikiwa.

Mnara wangu sasa. Dirishani, kwa Trifield, kilele kilikuwa milliwati 1 na kitu kwa mita ya mraba. Rauta yangu mwenyewe kutoka mita moja ilipiga 6. Kikomo cha ICNIRP kwa megahezi 900 ni milliwati 4500. Mama mkwe akaniuliza, "Baba Neema, mashine imesemaje?" Nikamwambia mama, imesema tuhamishe kitanda na tuzime rauta usiku. Akaguna, "Na kuku je?"

Wiki iliyofuata mlinzi wa mnara alibisha hodi na mayai kumi na mawili kwenye kofia. Kuku wetu alikuwa anapita chini ya uzio kila asubuhi anaenda kutagia kulekule, nyuma ya jenereta la mnara.