Sanamu ya baisani: shaba nyeusi au zege?

Kila mji wa Marekani unaotaka kumuenzi baisani, nyati aliyebakia chini ya 1,000 mwishoni mwa karne ya 19, hukutana na ubishi huu: sanamu yake iwe ya shaba nyeusi (bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati) au ya zege?

Kwa ukubwa, zege halina mpinzani. Jamestown, North Dakota, walimsimamisha wao mwaka 1959: urefu wa kwenda juu kama mita 8, uzito wa tani 60 hivi, fremu ya chuma iliyofunikwa wavu na saruji. Dereva humwona akiwa bado barabara kuu. Kwa shaba, umbo hilo lingemaliza bajeti ya mji mdogo, maana kila kipande huhitaji kalibu, kuyeyushwa na kuunganishwa.

Ila mtazame kwa karibu. Hapo shaba inashinda: manyoya, nundu, jicho, vyote vinasomeka. Baisani wawili wa mchongaji Edward Kemeys pale bustani ya Humboldt Park, Chicago, walionyeshwa kwanza kwa plasta mwaka 1893. Wa shaba wakaja 1911, na wapo hadi leo.

Utunzaji? Shaba huoshwa na kupakwa nta. Adui yake mkubwa ni mwizi wa vyuma chakavu. Zege huteswa na baridi: maji huingia kwenye ufa, yakaganda, yakaupanua, kisha chuma cha ndani kikashika kutu.

Bustani ya waenda kwa miguu, yenye ulinzi na mfadhili, mimi ningeipa shaba. Mji wa kando ya barabara kuu uchukue zege, mradi utenge fedha za rangi na viraka.