Kalymnos kwa wanandoa ambao mmoja tu ndiye anayepanda miamba

Nianze na hukumu kwa wasio na muda: ikiwa wewe unapanda miamba na mwenzio hapandi, na mna subira ya kuhangaikia visa ya Schengen, nendeni Kalymnos, Ugiriki. Nyota nne na nusu. Ile nusu imekatwa, na waliosababisha ikatwe nitawafikia.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, kazi iko Nairobi, na kupanda kwa kamba nimejifunzia kwenye miamba ya Lukenya na Hell's Gate. Baba watoto ni mtu wa Lamu. Mweke juu ya maji yoyote hana wasiwasi, lakini mpandishe ngazi ya kubadilishia taa uone anavyoukumbatia ukuta. Hapandi, hatapanda, na simlazimishi. Likizo ni moja, pesa zinatoka mfuko mmoja, kwa hiyo mahali pawe patamu kwa wote wawili au tukae nyumbani.

Ukiwauliza wapandaji wenzio, watakwambia mtafute mahali penye mambo mengi ya kufanya. Ushauri huo haufiki popote. Dubai ina mambo mengi ya kufanya. Mimi nina maswali mawili tu. Asubuhi nikishatoka na begi langu, je, yeye anaweza kuvaa makubadhi akatoka mlangoni kwa miguu, bila gari, bila mimi, bila kuniuliza nitarudi saa ngapi, na akafika mahali pa maana? La pili, jua linaupiga ukuta wa kupanda saa ngapi? Watu hulipuuza hili la pili, na ndilo linaloamua kama mchana mtakula pamoja au utamkuta usiku amenuna.

Kwa maswali hayo mawili, orodha ilipungua haraka. Siurana, kule Catalonia, Hispania, ina miamba ambayo mpandaji yeyote angeuza ng'ombe aione, lakini kijiji chenyewe ni vinyumba vichache juu ya genge, bahari iko mbali, na bila gari mwenzio ni mfungwa. Waterval Boven, Afrika Kusini, ndiyo ingekuwa rahisi kwetu kwa sababu Wakenya hawahitaji visa huko tangu Januari 2023; mwamba mzuri, maporomoko mazuri, ila ukishayatazama maporomoko leo, kesho utayatazama tena. Leonidio, pia Ugiriki, ni mji wa kweli wenye watu wanaoishi maisha yao chini ya kuta nyekundu, na msimu wake ni wa baridi, basi mtu wa Lamu utamwambia nini kuhusu kuogelea Januari? Iliyobaki kuchuana na Kalymnos ilikuwa Railay, Thailand. Hapo ufuo umeshikana na mwamba kabisa, na kwa asiyepanda labda hakuna pa raha zaidi. Kilichonirudisha nyuma ni joto lile la unyevu, la mikono kuteleza hata ukiipaka chaki ya kukausha jasho. Jasho la hivyo ninalo Mombasa bure.

Kalymnos ni kisiwa kidogo cha chokaa upande wa mashariki wa Ugiriki, karibu na Kos, na Uturuki unaiona ng'ambo. Tulipitia Istanbul, kisha Athens, kisha ndege ndogo hadi Kos, na kutoka bandari ya Mastichari feri ndogo inakuvusha hadi Pothia, mji mkuu wa Kalymnos, kwa muda usiofika saa nzima. Wapandaji hawakai Pothia. Hukaa vijiji vya Masouri na Myrties, upande wa magharibi, barabara moja iliyobanwa kati ya mlima na bahari. Juu ya paa za nyumba kuna kuta. Chini ya nyumba kuna ufuo. Mwaka 1996 Mwitaliano mmoja, Andrea Di Bari, alikwenda huko akaziona kuta hizo, akaanza kuzitoboa na kuzitia bolti, vyuma vya kudumu vya kunasia kamba. Leo njia za kupandia zimepita 3,000.

Sasa lile la jua. Kuta nyingi za juu ya Masouri zinatazama magharibi. Maana yake asubuhi zote zina kivuli, na mchana jua likivuka mlima linazipiga usoni mpaka machweo. Huna haja ya mtu kukwambia muda umekwisha: jua linafika, mwamba unakuwa moto, watu wanakunja kamba. Nilikuwa naondoka saa moja na nusu asubuhi yeye bado amelala, na saa nane nimeshateremka na njaa yangu. Hakuna siku aliyolazimika kunisubiri, kwa sababu hizo saa zangu zilikuwa ni saa zake za kulala, kunywa kahawa na kuranda. Baada ya hapo mchana wote ni wetu. Nimewahi kwenda pahala ambapo kivuli huanza saa tisa alasiri, na pale ndoa hupimwa.

Kuhusu kupanda kwenyewe sitasema mengi, maana kuna wenye vidole vya chuma watakaoeleza vizuri zaidi. Kwa vipimo vya ugumu wa njia, mimi ni mpandaji wa 6a, siku njema 6b. Grande Grotta, lile pango kubwa unaloliona kwenye picha zote, ni mwendo wa dakika ishirini hivi kutoka Masouri, mlima mtupu na mawe yanayoporomoka chini ya kiatu. Ukifika unakuta dari zima limejaa stalaktiti, mawe yanayoning'inia kutoka juu, mengine manene kuliko mtu, na watu wanayakumbatia kwa magoti wakining'inia kichwa chini. Nilikaa nikatazama. Njia zangu zilikuwa ukuta wa Poets na majirani zake: mwamba wa kijivu, mkali kwa vidole, bolti karibukaribu, na minyororo juu ya kuteremkia. Kwa mtu aliyefunzwa Hell's Gate, ambako njia nyingi unajiwekea vyuma vyako mwenyewe na kuomba Mungu, hii ni anasa. Njia za zamani zimeng'ara kwa kukanyagwa na miguu inateleza, hasa zile rahisi zilizo karibu na barabara. Na chukua kamba ya mita 80. Njia za mita 35 ni za kawaida pale, na kamba ya mita 60 itakuacha hewani. Fundo mwisho wa kamba, kila mara.

Mtandio nilivaa ule wa jezi, wa kuvuta, usio na pini hata moja, na helmeti juu yake. Upepo unapanda kutoka baharini kama saa tano, na mtandio mwepesi utakuziba macho wakati mkono mmoja uko kwenye mwamba na mwingine unatafuta karabina, ile pete ya chuma ya kunasia kamba. Hakuna aliyenitazama mara mbili.

Na kamba ya kumzuia mpandaji asianguke, chini anaishika nani? Hapo ndipo wanandoa wengi hugombana, maana mpandaji hudhani mumewe au mkewe atafunzwa kushika kamba uwanja wa ndege. Msifanye hivyo. Mtu asiyependa mwamba, ukimweka asubuhi nzima chini ya ukuta shingo juu, tayari umeshamnyang'anya likizo. Sisi tulikwenda na rafiki yangu wa kamba wa Nairobi, dada asiye na mume wala haja ya kuburudishwa, naye tulimchukulia chumba chake. Asiye na rafiki wa hivyo, kisiwa kina waongozaji wa kulipwa, na pale Masouri msimuni nusu ya watu wanatafuta mwenza wa kamba. Ila usimkabidhi uhai wako mgeni kabla hujamwona akifunga fundo na kushika kamba ya mtu mwingine.

Nimrudie baba watoto, ambaye ndiye aliyefaidi. Siku za mwanzo alishuka Myrties akakuta mzee mmoja kwenye gati akimpiga pweza juu ya jiwe. Anampiga, anamsugua kwenye saruji mpaka povu linatoka, anamsuuza, anampiga tena. Wale wageni wengine wote walipita wakikunja nyuso. Yeye alisimama. Wakaanza kusemezana kwa mikono, hapana Kigiriki wala Kiswahili, yule anaonyesha mapigo, huyu anaonyesha kuwa kwao pia hupigwa, ila anaingia kwenye tui la nazi. Mzee nazi hakuielewa. Mchana nilipomkuta, alinieleza kwa kirefu kwamba Mgiriki anaua ladha kwa kumwanika pweza juani kabla ya kumchoma, halafu akamaliza sahani mbili za pweza huyohuyo wa juani.

Kutoka gati hilohilo mashua zinavuka kwenda kisiwa kidogo cha Telendos kila nusu saa hivi, mwendo wa dakika kumi, kwa euro chache. Telendos haina magari. Ilikuwa sehemu ya Kalymnos mpaka tetemeko la karne ya 6 lilipoitenga, na kuna magofu ya makanisa ya zamani yaliyolala tu kando ya njia, huna tikiti ya kukata. Alivuka akarudi, akavuka tena. Mtu aliyekulia mahali pa punda na mashua, kisiwa kisicho na magari hakihitaji kuelezewa.

Pothia tulikwenda pamoja, siku ya kupumzisha vidole, na basi lipo. Kalymnos iliishi kwa sifongo za baharini kabla ya kuishi kwa wapandaji. Wapiga mbizi wa zamani walishuka wamekumbatia jiwe bapa zito, pumzi moja, mwili mtupu, mtindo unaokaribiana na ule wa wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba ambao wazee wa pwani yetu waliwajua. Katika miaka ya 1860 likaja vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa hewa. Likawawezesha kukaa chini muda mrefu, kina kirefu, na hakuna aliyewaambia kwamba ukipanda upesi hewa iliyoingia kwenye damu inatoka kama mapovu. Wengi walikufa, wengi walipooza. Hata kuna ngoma ya kisiwani, mihanikos, ambapo mchezaji wa mbele anatetemeka na kuyumba kwa fimbo akimwigiza mpiga mbizi aliyeharibika miguu. Makumbusho ya bahari pale Pothia wanazo zile kofia za shaba. Mume wangu aliganda mbele ya moja, akaingiza mkono pale shingo inapokaa, akasema, "Mama watoto, na wewe unaniambia mwamba ndio hatari." Mwaka 1986 ugonjwa uliangamiza sifongo za Mediterania, na hapo ndipo utaelewa kwa nini kisiwa kiliwapokea wapandaji kwa mikono miwili.

Chakula hakikutupa taabu. Samaki, pweza, maharage, jibini, na saladi yao iitwayo mermizeli, yenye mkate mkavu wa shayiri chini unaonyonya maji ya nyanya. Hiyo nilikula karibu kila siku. Nyama tuliiacha. Msikiti Kalymnos sikuuona. Waislamu wa asili ya Kituruki wako Kos, kijiji cha Platani, na tulipita huko siku ya kurudi tukala vizuri sana.

Haya, ile nusu nyota. Skuta. Kila mtu kule anapanda skuta, barabara nyembamba, kona za kutupa, na usiku zinapita chini ya dirisha mpaka saa za kulala mtu mzima. Duka tulilokodi, ambalo silitaji, lilitupa moja yenye breki ya nyuma ya kubembeleza, na tulipoirudisha wakatuonyesha mkwaruzo ambao tuliukuta. Piga picha kila upande kabla ya kuondoka nayo, na uende na leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, maana yetu ya kawaida huenda wasiitambue, na bima nayo isikulipe.

Bima tena. Ubalozi unataka bima ya angalau euro 30,000, na wakala wa Nairobi atakuuzia ya bei nafuu kabisa itakayokupitisha. Soma maandishi madogo: nyingi ya hizo hazilipi ukianguka kwenye mwamba. Nililazimika kuongeza ya pili. Ada ya visa ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudishwi ukinyimwa, na miadi ianze kutafutwa miezi kabla.

Msimu, chagueni Mei au mwisho wa Septemba. Oktoba hali ya hewa ni nzuri mno kwa mpandaji na kisiwa kinafurika, unapanga foleni chini ya njia za 5c. Novemba vyumba na mikahawa ya Masouri inaanza kufungwa, na asiyepanda ndiye anayebaki na barabara tupu. Julai na Agosti ni mwenzio tu atakayefurahi.

Chumba, chukueni chenye jiko dogo, upande wa bahari, Myrties badala ya katikati ya Masouri. Mtatembea dakika kumi zaidi kwenda ukutani, lakini gati la Telendos liko chini yenu na skuta zinapungua. Na bebeni majani ya chai. Kahawa yao baba watoto aliipenda, lakini chai unaletewa maji ya moto na kijifuko pembeni, na alasiri moja nilimkuta kwenye baraza amechemsha maziwa kwenye sufuria ya mayai, na yule jirani Mjerumani anasubiri kikombe chake.