Swichi iliyonifungia nje kwa kukosa neno moja

Nimeapa sitaisifu tena hii swichi ya mtandao, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta. Sifa zake zimeandikwa kwenye boksi, atakaye azisome huko. Mimi ugomvi wangu ni neno moja tu: add.

Juzijuzi, usiku, niko mbali na mtambo. Nimeingia kwa SSH (njia ya kuendesha kifaa ukiwa mbali) niongeze VLAN 30, yaani kimtandao kilichotengwa ndani ya mtandao, kwenye tranki, ule mlango wa swichi unaopitisha VLAN nyingi; kazi ya dakika moja. Nikaandika switchport trunk allowed vlan 30, nikabonyeza Enter. Skrini ikaganda. Nikabonyeza tena na tena, wapi! Kumbe usipotia add kabla ya namba, amri hiyo haiongezi chochote. Inafuta orodha yote ya VLAN zinazoruhusiwa kupita na kuibakiza hiyo 30 peke yake. Na VLAN ya usimamizi, ile ile niliyoingilia, imefutwa pamoja na wenzake. Nimelikata tawi nililolikalia.

Kinachoniudhi ni kwamba ukitaka kuiwasha upya, swichi hii inakuuliza kama una uhakika. Ukitaka kufuta usanidi, inauliza. Hapa, kimya!

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. "Kaka, si iko kwenye mwongozo?" Akaniambia niende na kebo ya konsoli, ile ya kuchomeka kompyuta kwenye swichi yenyewe. Usiku ule! Nikakata simu.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa zamu kule kwenye mtambo. Nikampigia.

"Mzee, nenda kachomoe waya wa umeme kwenye ile swichi ya juu, kisha uurudishe."

"Waya upi, mwanangu? Huu mweusi?"

"Zote nyeusi, mzee. Ule mnene."

Kwa kuwa sikuwahi kuandika write memory, amri ya kuhifadhi mabadiliko, swichi ilipowaka ilisoma usanidi wa zamani, na mimi nikaingia kama kawaida. Kwa hilo, haki yake niipe: tabia yake ya kutohifadhi mpaka uiambie ndiyo iliyoniponya. Na ningetanguliza reload in 10, amri ya kuiwasha upya baada ya dakika 10, ingejiwasha yenyewe bila kumsumbua mzee wa watu. Hilo nawafundisha vijana kila siku, halafu mimi mwenyewe... basi tu.

Nilitaka kuipa nyota moja. Naipa tatu. Hapana, mbili, maana Juniper, watengenezaji wengine wa swichi, wana amri ya commit confirmed: usipothibitisha ndani ya dakika 10, mabadiliko yanarudi yalikotoka. Hawa walioitengeneza hii yangu wangeshindwa nini?

Yule kijana aliyecheka hapati hata nusu.