Nilikowaacha ginipigi wangu Disemba, hapa Nakuru (Kiamunyi)

Naandika hii kwa wale wako Nakuru na wana ginipigi wa ndani ya nyumba, ju najua likizo ikikaribia watu wanaanza kuulizana utawaacha wapi na hakuna mwenye jibu. Mahali pa kuacha mbwa utapata, paka pia ukitafuta, lakini hawa wadogo wa kula nyasi wanasahaulika kabisa. Mimi nimepata, ni kwa mama mmoja mwalimu mstaafu huko Kiamunyi, anawaweka kwa chumba kimoja ndani ya nyumba yake. Jina na namba siweki hapa, ni nyumbani kwa mtu si duka, na hupokea wateja wa kuelekezwa na watu anaowajua. Lakini nitaeleza venye niliona yote, hata ukienda kwingine ujue cha kuangalia.

Najua kuna mtu atauliza si ungewabeba tu uende nao. Ushago kwetu ni Busia, na Disemba kutoka Nakuru kwa matatu ni mchana kutwa, fare imepanda, gari imejaa mizigo, na mkishashuka Ahero joto linawapokea, huko Kisumu mchana inafika digrii 30. Ginipigi hatoi jasho. Joto likipita digrii 26 ama 27 anaanza kuteseka, sasa fikiria yuko ndani ya katoni kwa gari imesimama juani inangoja abiria, anaweza kufa kabla hata hamjaona Luanda. Na mkifika ushago kuna siafu, wakivamia usiku mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia, kuna mbwa, kuna watoto wa boma nzima kila mmoja anataka kumbeba. Dadangu wa Kondele, huko huko Kisumu, alijitolea kukaa nao na nikamshukuru sana, lakini nyumba yake ni mabati bila siling'i, mchana hapo ndani hata mtu mzima anatoka nje akatafute kivuli.

Jirani naye si rahisi venye watu wanadhani. Ukimwachia mtu samaki wa kufuga anarusha chakula anaenda zake, ginipigi sivyo. Huyu anakula usiku na mchana, nyasi kavu zisikose hata saa moja, ju meno yake yanaota maisha yake yote na nyasi ndizo zinayasaga, na tumbo lake likikosa kitu cha kusukuma linasimama. Akikaa siku nzima bila kula hiyo ni emajensi, si kitu cha kusema tungoje kesho. Halafu mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi watu tu, kwa hivyo kila siku lazima apate hoho, dhania, sukuma kidogo, akikosa kwa wiki mbili tatu viungo vinaanza kuvimba na kuuma hadi hataki kutembea. Nimeshasikia mtu aliachiwa wa watu akawalisha ugali na maganda ya ovakado. Ovakado ni sumu kwao jamani.

Nilizunguka kabla ya kufika Kiamunyi. Kuna mahali pa mbwa pazuri sana, geti safi, kuna hadi saini bodi ya rangi, lakini walitaka kuwaweka kwa kibanda cha nje karibu na mbwa, na baridi ya Nakuru ya saa tisa usiku mnaijua. Mnyama ambaye anaogopa hata mlango ukigongwa, umweke ambapo mbwa wanabweka usiku kucha, atakula saa ngapi? Kwingine ni agroveti fulani, jamaa ni mpole na bei yake ni ya chini, shida yake alisema atawachanganya na sungura "wapate kampuni". Hapo nikasema asante. Sungura anaweza kubeba bakteria ya Bordetella na yeye mwenyewe yuko sawa kabisa, ikimfikia ginipigi inakuwa nimonia, tena sungura akimpiga teke moja anaweza kumvunja mbavu. Nikamuuliza pia dume na jike anawatenganisha aje, akacheka akasema hawa ni wadogo. Jike wa mwezi mmoja anaweza kushika mimba! Anabeba kama miezi miwili hivi, kwa hivyo unarudi kutoka ushago unapeleka watoto shule, halafu Februari keji imejaa vitoto na hujui baba ni nani.

Sasa huyu Mwalimu. Nilipompigia simu, kabla niulize bei yeye ndiye alianza kuniuliza mimi. Ni wangapi, dume ama jike, umri gani, asubuhi wanakula nini na jioni nini, kuna mwenye amewahi kuugua, wametibiwa na nani. Nikajua hapa ndipo. Sijali mahali ni pazuri kiasi gani, mtu ambaye haulizi kitu kabla ya kupokea mnyama wako, hiyo kazi haijui. Akamalizia, "Na uje na nyasi zao za siku za kwanza, mama, tumbo lao halitaki kubadilishiwa chakula ghafla."

Tulipofika aliosha mikono kwanza. Wangu ni wawili, Njugu na Biskuti. Akamtoa Njugu kwa boksi, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ameshikilia makalio yasininginie, akaangalia meno ya mbele, macho, pua, akapuliza manyoya ya mgongo yagawanyike aone kama kuna utitiri, akamwangalia na huko nyuma kama ni pakavu. Biskuti pia hivyo hivyo. Halafu akaweka bakuli la plastiki juu ya mizani ya jikoni, Njugu gramu 940, Biskuti gramu 1,010, akaandika kwa daftari la Kasuku na tarehe pembeni. Anawapima kila baada ya siku mbili. Hii ndiyo kitu ilinifurahisha kuliko zote, ju ginipigi ni mnyama wa kuwindwa, akiwa mgonjwa anaficha, utamwona anachangamka na kumbe hajala vizuri tangu juzi, mizani ndiyo inasema ukweli mapema.

Chumba chenyewe ni cha kawaida, sakafu ya simiti, dirisha moja lina wavu, hakuna paka kwa hiyo nyumba. Chini ya keji ametandika magazeti na blanketi za flisi, hatumii vumbi la mbao, anasema ile ya paini na mutarakwa inawachoma pua na mapafu. Nyasi kavu ananunua belo ya Boma Rhodes na anaifungua kunusa kama imeota ukungu kabla ya kulipa. Nyasi mbichi anakata kwa kiwanja chake, hachukui za kando ya barabara. Jioni anafunga mlango anawaachilia wakimbie chumbani, kila kundi kwa zamu, hawachanganywi na wa watu wengine hata kama wote ni majike.

Tukiwa Busia akanipigia. Biskuti amepungua gramu 30 na ameacha hoho. Ukimjua Biskuti, mlio wa kisu kwa hoho ukisikika yeye anapiga mluzi hadi jirani anasikia, kwa hivyo roho ilinishuka. Lakini Mwalimu hakuwa amekaa tu akiningoja, alikuwa ameshawasogeza mbali na dirisha ju jogoo wa jirani alikuwa anawashtua, akawawekea lile taulo la nyumbani nililoleta halijafuliwa, na akahesabu mavi ya asubuhi akaona bado yanatoka sawa. Tukakubaliana ikifika jioni hajala anampeleka kwa daktari wetu. Namba ya daktari nilikuwa nimemwachia, na pesa, na karatasi nimeandika kwa herufi kubwa ASIPEWE PENICILLIN WALA AMOXICILLIN YA KUNYWA, hizo zinaua bakteria wazuri wa tumbo lake na yeye mwenyewe anaweza kufa, na madaktari wengi wa mifugo huku wamezoea ng'ombe na mbwa, si kosa kuwakumbusha. Jioni ikaja video, Biskuti yuko kwa kona anatafuna nyasi, mdomo unaenda mbio. Nililala vizuri.

Mahali pa kulalamika papo. Keji zake ni ndogo, ni kama mita moja kwa nusu mita, kwa ginipigi wawili inafaa ikaribie mita mraba 0.7, na nilimwambia. Alisikiliza, akasema ukija na yako ataiweka nafasi ikiwepo, na hiyo saa ya kukimbia inasaidia, lakini bado ningetaka aongeze. Kucha hakati. Jumapili asubuhi anaenda kanisani na hakuna mtu anabaki, anawajazia nyasi na maji anafunga. Picha anatuma mara moja tu kwa siku, jioni, ukimsumbua mchana hatajibu. Na ile barabara ya ndani mvua ikinyesha ni matope, boda wengine wanakataa, panga kufika mapema na boksi lako lisiwe limeshikiliwa na mkono mmoja nyuma ya pikipiki.

Bei kwa wale wawili ni shilingi 250 kwa siku, hoho na dhania ndani yake, ila wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya ni 350. Kuna watu wataona ni pesa nyingi kwa mnyama mdogo hivyo. Mimi nililipa na nitalipa tena, ju Njugu alirudi na gramu 950, na Biskuti karibu uzito wake wa mwanzo, miguu misafi chini bila vidonda, na hakuna mwenye alirudi akijikuna.

Mkimtafuta, ulizeni watu wa Kiamunyi wanaofuga wanyama wadogo, atapatikana. Anachukua dipoziti nusu kwa M-Pesa na hapokei mnyama anayekohoa ama mwenye mimba. Beba nyasi zao, chupa yao ya maji ile wamezoea, kibanda chao cha kujificha hata kama ni katoni, na kitambaa kimoja chenye harufu ya nyumbani. Keji ni nne tu, na za Pasaka mbili zimeshachukuliwa.